Bahari ya Baltiki: kama joto linapanda tu, mabilioni ya kuzuia mbolea isiingie baharini yana maana gani?

Mwanagenzi_Uppsala

Habari za jioni wakuu, hasa mlioko huku kwenye baridi.

Nasoma uzamili wa uchumi wa mazingira hapa Uppsala, Uswidi. Tasnifu yangu ni ya gharama na faida za kupunguza nitrojeni na fosforasi zinazoingia Bahari ya Baltiki kutoka mashambani na kwenye majitaka. Nilipoanza niliiona kazi ya kujumlisha na kutoa tu. Msimamizi kaisoma sura ya kwanza, akaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Na tabianchi?" Basi, hakuongeza neno. Tangu hapo nimekwama.

Kwa ambao hawaifuatilii habari hii: nchi tisa zinaizunguka bahari hii na zina tume yao ya pamoja, HELCOM. Mwaka 2007 zilikutana Kraków zikaweka mpango kwamba ikifika 2021 bahari iwe imerudi katika hali nzuri. 2021 ikafika, lengo bado. Wakakutana Lübeck, mpango ukaandikwa upya, sasa mwaka unaotajwa ni 2030. Ukomo wao ni tani 792,209 za nitrojeni na tani 21,716 za fosforasi kwa mwaka. Ukipima na kilichokuwa kinaingia kati ya 1997 na 2003, hiyo ni kupunguza nitrojeni kwa kama asilimia 13 na fosforasi kwa asilimia 41. Kwenye eneo la kati la bahari, kati ya Uswidi, Polandi na nchi za Baltiki, fosforasi inatakiwa ipungue kwa karibu asilimia 60!

Upande wa faida, watafiti waliwauliza watu zaidi ya elfu kumi katika nchi zote tisa: ungekuwa tayari kulipa kiasi gani kwa mwaka bahari ipone? Jumla ilikuja kwenye yuro bilioni 3.6 hivi kwa mwaka. Mradi mmoja mkubwa wa wachumi, BalticSTERN, ulitoa ripoti mwaka 2013 ukaweka faida bilioni 3.8, gharama kati ya bilioni 2.3 na 2.8. Kwa hiyo unabaki na ziada. Hapo ndipo nilipokuwa nimefunga daftari.

Sasa tabianchi. Maji yanapata joto, mvua za majira ya baridi zinaongezeka, mito inabeba mbolea nyingi zaidi, na mbolea ndiyo inayolisha mwani. Julai tulienda kisiwa cha Öland na wenzangu wa darasa, tukakuta tangazo ufukweni: msioge, msimwache mbwa anywe maji. Maji mazito, kijani kinachoelekea njano, na harufu yake siielezi. Wenyeji wanasema hali hiyo huja kila kiangazi chenye joto.

Swali langu ni hili. Kama joto litafuta kazi yote, hizo bilioni si sawa na kutupa pesa baharini? Na kama si hivyo, tabianchi naiingiza wapi kwenye hesabu: kwenye gharama, kwenye faida, au kwenye sura ya mwisho ya "mapungufu ya utafiti" nimalize? Kwa Kiingereza nimeshasoma mpaka macho yanauma. Nielewesheni kwa Kiswahili.

Mkazi_wa_Kigogo

Wenzetu wana hela za kuwauliza watu elfu kumi kuhusu maji ya kuogelea. Sisi hapa Msimbazi ukifurika tunaulizana viatu viko wapi. Haya, endeleeni, nasoma.

Fundi_Turku

Dada Mwanagenzi, mimi si mchumi. Ni fundi wa mitambo kwenye kituo kidogo cha kusafisha majitaka karibu na Turku, Ufini, na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, analima shayiri na ngano bonde la mto Paimionjoki. Fosforasi naiona ikitoka kwenye bomba kazini na ikitoka shambani kila Jumapili tukienda kula kwao. Nitakujibu kwa ninachokiona, wewe utaweka fomula.

Kwanza, kilo za mbolea unazozuia hazilingani bei. Hilo ukilishika, tabianchi itapata mahali pake yenyewe.

Kazini kwetu fosforasi tunaitoa kwa salfati ya chuma. Unaimwaga kwenye maji, chuma kinaishika fosforasi, vinazama pamoja, unakusanya tope. Kwa njia hiyo kituo kizuri kinakamata zaidi ya asilimia 95. Kilo za mwanzo ni za bei poa sana. Ndiyo maana Ufini na Uswidi zilichangia fedha St. Petersburg, mji wa watu milioni tano ambao mpaka mwaka 1978 majitaka yake yote yaliingia majini bila kusafishwa. Kituo cha kusini-magharibi mwa mji huo kilifunguliwa 2005, kisha zikaja dawa za kutoa fosforasi kwenye vituo vikubwa vya mji. Haikuwa sadaka. Yuro moja pale mdomoni mwa mto Neva, unaopita mji huo, ilikuwa inazuia kilo nyingi kuliko yuro hiyohiyo ikitumika Helsinki, na maji ni yaleyale ya Ghuba ya Ufini. Warsaw nayo: nusu ya majitaka ya mji mkuu mzima yalikuwa yanamwagwa mto Vistula mpaka kituo cha Czajka kilipopanuliwa, 2012. Sabuni za kufulia zenye fosfati, Umoja wa Ulaya ukazibana kuanzia 2013. Zote hizo ni kilo za bei rahisi, na nyingi zimeshachukuliwa. Na upande wa Urusi, tangu 2022 ushirikiano ndani ya HELCOM umesimama, kwa hiyo hata zile zilizobaki kule huwezi kuzipangia.

Zilizobaki kwetu ziko kwenye udongo, na huko ndiko tabianchi inakoingia kwenye mfuko wa mtu.

Shamba la shemeji ni udongo wa mfinyanzi, na chini yake kuna fosforasi iliyorundikwa tangu enzi za babu yake, walipokuwa wanamwaga mbolea bila kupima. Zamani, anasimulia mzee wao, Desemba ardhi ilikuwa imeganda na theluji juu, hakuna kinachotoka mpaka theluji iyeyuke masika. Siku hizi mvua inanyesha Desemba, Januari, juu ya udongo mtupu uliolimwa. Ukisimama kwenye daraja la Turku Januari unaona mto Aurajoki umekuwa kahawia. Ile kahawia ni udongo, na fosforasi imeushikilia.

Sasa fikiria hesabu yako. Tuseme bonde linatakiwa lipunguze kilo 100. Majira ya baridi ya mvua yanaongeza kilo 20 ambazo zamani hazikuwepo. Ukomo wa bahari haujabadilika, kwa hiyo inabidi upunguze 120. Wanafunzi wengi watachukua gharama ya wastani wazidishe kwa 20. Hapana! Zile 20 huzinunui kwa bei ya wastani, unazinunua mwisho wa foleni, baada ya kila cha bei nafuu kuisha. Mvua ikiongezeka kidogo, bili inaruka. Jibu la kwanza kwa kalamu nyekundu ya msimamizi wako ndilo hilo: iweke kwenye gharama, upande wa kilo za mwisho.

La pili ni kwamba tabianchi haipandishi bei ya kila njia kwa usawa. Inapanga foleni upya. Nikupe mfano wa jipsamu, maana naujua kwa mikono. Vuli, baada ya kuvuna na kabla ya plau, malori yanaleta jipsamu, tani nne kwa hekta, inatapanywa shambani. Ni mabaki ya kiwanda cha mbolea ya fosfati. Ikiyeyuka, chembe za mfinyanzi zinagandamana, haziondoki na maji. Majaribio kwenye kijito cha Savijoki yalionyesha fosforasi inayotoka inapungua kwa karibu nusu, na nguvu yake inadumu kama miaka mitano. Makadirio ya bei ni kama yuro 60 hadi 70 kwa kilo ya fosforasi iliyozuiwa, na kwenye mpango huo serikali ndiyo iliyolipa, mkulima hakutoa kitu. Haipunguzi mavuno, hatoi ardhi yake, na ndiyo maana shemeji, ambaye hapendi mtu wa ofisini amwambie la kufanya, alisaini bila kelele. Mashamba ya upande wetu huu ndiyo doa la mwisho la Ufini kwenye orodha ya HELCOM ya vyanzo vibaya zaidi, kwa hiyo serikali ina haraka.

Angalia hapo: mvua za baridi zikizidi, shamba lisilo na jipsamu linamwaga zaidi, kwa hiyo tani nne zilezile zinazuia kilo nyingi zaidi. Bei kwa kilo inashuka. Chukua sasa bwawa au ardhi oevu ya kukamata nitrojeni. Bakteria wanaoigeuza nitrojeni kuwa hewa wanafanya kazi vizuri kukiwa na joto. Mafuriko yakija Januari, maji ya nyuzi mbili, yanapita mbio, bakteria wamelala. Bei kwa kilo inapanda. Vituo vya majitaka vilevile: mvua kubwa ikiingia kwenye mabomba ya zamani ambako maji ya mvua na ya vyoo hupita pamoja, kituo kinazidiwa na mengine yanapita yakiwa yamesafishwa nusunusu. Kwa hiyo ile orodha ya hatua kuanzia rahisi hadi ghali uliyoinakili kutoka tafiti za miaka ya nyuma, ipange tena. (Jipsamu pia si dawa ya kila mahali. Ina salfati, hawaruhusu itumike kwenye mabonde yanayomwaga kwenye maziwa. Baharini salfati imejaa tayari.)

Tatu ni lile swali lako lenyewe, pesa kutupwa baharini. Hapa inabidi ushuke chini kabisa kwenye tope.

Baltiki ni bahari ya maji ya chumvi kidogo yaliyolala juu ya maji ya chumvi zaidi, na mlango wake wa kupumulia ni ile njia nyembamba ya Denmaki. Kubadilisha maji yake yote kunachukua kama miaka 25 hadi 30. Mwani ukifa unazama, unaoza, unamaliza oksijeni ya chini. Oksijeni ikiisha, chuma cha kwenye tope kinaiachia fosforasi ambayo kilikuwa kimeishika, inarudi juu, inalisha mwani mwingine. Ni deni la babu linalozaa riba wakati wewe unalipa bili ya mwezi huu. Desemba 2014 yaliingia maji mengi ya chumvi yenye oksijeni kutoka Bahari ya Kaskazini, mojawapo ya mikupuo mikubwa kuliko yote tangu waanze kupima. Watu walishangilia. Miaka michache tu oksijeni ile ikawa imeliwa yote. Eneo la chini lenye upungufu wa oksijeni lilikuwa kama kilomita za mraba 5,000 mwanzoni mwa karne iliyopita, sasa linazidi 60,000.

Na joto linaongeza chumvi kwenye kidonda: maji matamu ya nyuzi 10 yanaweza kubeba miligramu 11.3 za oksijeni kwa lita, ya nyuzi 20 ni 9.1 tu. Tena ule mwani wenu wa Öland, sianobakteria, unajichotea nitrojeni kutoka hewani, na unapenda joto. Ndiyo maana kupunguza nitrojeni peke yake hakuumalizi. Fosforasi ndiyo kamba ya kuufungia.

Sasa wenye modeli za bahari walifanya hivi: wakaweka joto la mwisho wa karne hii, kisha wakaendesha bahari mara mbili, moja nchi zimetimiza mpango wa HELCOM, nyingine hazijatimiza. Ile iliyotimiziwa inakuwa na hali bora kuliko ya leo, pamoja na joto lake. Isiyotimiziwa inaharibika. Maana yake kiasi cha mbolea kinachoingia kina uzito kuliko joto lenyewe.

Kwa hiyo unapoandika faida, usilinganishe bahari ya 2060 na bahari ya leo. Ukifanya hivyo utaona badiliko dogo na utasema pesa zimepotea. Linganisha na bahari ya 2060 ambayo hukuilipia. Pengo hilo ndilo faida yako, na ukiuliza mimi, joto linalipanua. Hili naona watu wengi wenye digrii wanalipita.

BintiNyeri_Jutland

Fundi ameongea mambo. Mimi niko Denmaki, nafanya kazi kwa shamba la nguruwe huku Jutland, na nataka kuongeza upande wa wale wanaolipa.

Hii nchi karibu asilimia 60 ya ardhi yake ni shamba. Tangu 1987 serikali iliweka mpango wa kupunguza nitrojeni kwa nusu, na ukweli ni kwamba wakulima wamepunguza sana, usikubali mtu akuambie hawajafanya kitu. Lakini zile njia za rahisi ziliisha, kama alivyosema Fundi. Halafu Septemba 2023 oksijeni ikapotea vibaya sana kwa maji ya hapa, na Aprili 2024 watu wa Vejle wakafanya mazishi ya fjodi yao, yaani ule mkono mwembamba wa bahari unaoingia nchi kavu. Mazishi kabisa, na hotuba! Mwajiri wangu aliona ni matusi. Mimi niliona ni siasa nzuri.

Juni mwaka huohuo serikali, chama cha wakulima na watu wa mazingira wakakubaliana, na Novemba ikapita kwa bunge. Kodi ya hewa chafu ya mifugo, ile inayoongeza joto la dunia, kuanzia 2030, kroner 300 (pesa ya Denmaki) kwa tani, lakini mkulima anasamehewa asilimia 60 kwa hivyo kwa kweli analipa 120 kwanza. Hekta 250,000 za msitu mpya. Hekta 140,000 za mabondeni, zile za udongo mweusi ambazo zamani zilikuwa vinamasi, zitolewe kwa kilimo zijae maji tena. Na nitrojeni ipungue kwa tani 13,780.

Dada, hapo ndipo penye utamu wa tasnifu yako. Ile hekta ya bondeni ikirudi kinamasi inazuia hewa chafu na pia inazuia nitrojeni. Ni gharama moja, faida mbili. Kama utaweka bei yote ya hekta kwa akaunti ya bahari, bahari itaonekana ghali na hesabu yako itakuwa imedanganya. Gawanya gharama, ama uhesabu faida zote mbili. Kwa hiyo tabianchi iko upande wa gharama kama alivyosema Fundi, lakini pia inakusaidia kulipa.

Lakini usisahau mtu. Mwajiri wangu anasema analipwa kwa hekta na makaratasi, halipwi kwa kilo ambayo haikufika baharini. Shamba lililo kando ya fjodi na shamba lililo mbali, ambalo nitrojeni yake inapotea njiani ardhini kabla ya kufika, yote yamekuwa yakipewa sheria moja miaka mingi. Huo ni upotevu wa pesa mkubwa kuliko kitu chochote nimeona hapa.

Mwanagenzi_Uppsala

Asanteni sana jamani. Hiyo ya kulinganisha na bahari isiyolipiwa imenifungua kichwa.

Maswali mawili. Kiwango cha punguzo, yaani ile asilimia ya kushusha thamani ya faida za baadaye ziwe pesa za leo, nitumie kipi, maana faida zinakuja miaka 40 mbele? Na kwa nini tusishughulike na deni la chini moja kwa moja, kupiga pampu ya oksijeni au kumwaga kemikali kwenye tope, kuliko kuwasumbua wakulima?

Mtakwimu_Gdańsk

Nimesoma kimya, sasa niingie. Niko Polandi, nafanya takwimu.

Punguzo: hesabu mwenyewe uone. Yuro 100 za faida zitakazokuja baada ya miaka 40, kwa asilimia 5 zina thamani ya yuro 14 leo. Kwa asilimia 3 ni 31. Kwa asilimia 1 ni 67. Yaani mpango huohuo, bahari ileile, unaweza kuufanya wa busara au wa kijinga kwa kubadilisha seli moja ya Excel. Weka zote tatu kwenye jedwali, msomaji aone. Anayekuonyesha moja tu ana jambo.

Kemikali: wameshajaribu. Kule Uswidi, kwenye Björnöfjärden, ghuba ndogo ya visiwa vya Stockholm, waliingiza alumini kwenye tope ili ishike fosforasi, na maji yakawa bora. Ila ghuba ile imejifunga na ni ndogo, na kwanza walishughulika na kinachoingia kutoka nchi kavu. Baltiki ya kati ina sehemu zenye kina cha mita mia na zaidi, na eneo lake ni makumi ya maelfu ya kilomita za mraba. Halafu kuna swali la nani atatoa ruhusa ya kumwaga kemikali chini ya bahari ya nchi tisa. Iandike aya moja uendelee.

Ninachotaka ukiangalie kwa makini ni hicho kiasi ambacho watu walisema watalipa. Waswidi ndio waliotaja pesa nyingi kuliko wote kwa kila kichwa. Wana mishahara mikubwa na nyumba za kiangazi visiwani. Karibu Polandi yote inamwaga maji yake Baltiki, watu milioni 38 na mashamba mengi, kwa hiyo sehemu kubwa ya kupunguza fosforasi inaangukia huku. Ukijumlisha nchi zote unapata ziada nzuri na ripoti inapendeza. Ukitenganisha, mwenye faida yuko Stockholm na mwenye gharama yuko kijijini Mazovia, na hakuna bomba la kupitisha pesa kati yao zaidi ya ruzuku za Umoja wa Ulaya. Mpango unaweza kuwa na faida kwa jumla na bado usitekelezwe kamwe. 2021 ilishatuonyesha.

Samaki pia uwaangalie. Torsk (kwa Kiingereza cod) wa upande wa mashariki, kuvuliwa kwake kwa makusudi kulisimamishwa na Umoja wa Ulaya tangu Julai 2019. Mayai yake yanahitaji maji ya chumvi ya kutosha ili yaelee, na chumvi hiyo ipo chini, huko ambako oksijeni imekwisha. Kuna sababu nyingine pia, uvuvi uliopita kiasi mmojawapo, kwa hiyo usiitwike mbolea mzigo wote. Lakini bandarini hapa nenda uone boti zilizofungwa.

Mkazi_wa_Kigogo

Mimi nimebaki na jambo moja. Kama wao walianza kwa bei poa wakamaliza, sisi huku pwani ambao miji yetu mingi bado ni mashimo ya vyoo, si tungeanza na kilo za bei poa sasa hivi kabla hatujafika kwenye kulipana kwa hekta?

Fundi_Turku

Mkuu wa Kigogo, ndivyo. Ila usichukue bei za huku ukazipeleka nyumbani. Huku mabomba yalikuwepo, kilichoongezwa ni dawa mwishoni. Kwetu mjini majumba mengi hayajaunganishwa na bomba lolote, kwa hiyo kilo ya kwanza ina bei ya kuchimba mtaa mzima. Faida yake kubwa pia si mwani, ni kipindupindu kisichotokea. Ukiipima kwa samaki na matumbawe peke yake utaiona haifai, na haitakuwa kweli.

PajeKwetu

Na joto lenyewe limeshafika. Kina mama wa mwani hapa Paje ile cottonii, aina ya mwani wa kulima na kuuza, inawafia maji ya kina kifupi yakipata moto, wanatakiwa wasogee kwenye kina kirefu na wengi hawajui kuogelea. Sijui hilo linaingia kwenye jedwali gani.

Mtakwimu_Gdańsk

Linaingia kwenye jedwali la joto, ndugu, si la mbolea. Lichanganye na mbolea inayotoka kwenye majitaka ya hoteli pale tu ambapo umepima maji, vinginevyo usilichanganye.

Mwanagenzi, la mwisho kabla sijalala. Takwimu za HELCOM za kinachoingia baharini zina namna mbili. Kuna kiasi halisi kilichoingia mwaka ule, na kuna kiasi kilichosawazishwa kwa mtiririko wa mito, yaani wameondoa athari ya mwaka wa mvua nyingi au ukame ili kuona kama nchi inafanya kazi. Tathmini ya nani ametimiza ukomo inatumia hicho kilichosawazishwa. Ni haki kwa kumpima waziri. Lakini kama mvua za baridi zimeongezeka moja kwa moja na si kwa bahati ya mwaka mmoja, usawazishaji huo unaweza kuficha kitu kilekile msimamizi wako anachokuuliza. Nchi inapata tiki, bahari inapokea kilo.

Chora zote mbili kwenye grafu moja kwa kila eneo la bahari, 1995 mpaka mwaka wa karibuni ulio nao. Pale mistari inapoachana ndipo sura yako ya pili inapoanzia. Ukikwama na data ya Vistula nitumie ujumbe, ninayo imeshasafishwa.

Mwanagenzi_Uppsala

Nakutumia sasa hivi, usilale.